Kushukuru Si Kunyamaza

Fadhila ya punda, walinena wahenga, ni mateke. Methali hii haikosi kusikika shuleni na kanisani, na aghalabu humtoka mwenye cheo akimkemea aliye chini yake: mwanafunzi aliyelalamikia darasa lililofurika, au muumini aliyeuliza sadaka imetumikaje. Katika mtaa kama Makina, huku Kibera jijini Nairobi, ambako mambo ya kulalamikia hayahitaji kutafutwa, mafundisho ya shukrani yaweza kugeuzwa kufuli ya kinywa. Kijana akishaona hivyo, ataichukia shukrani yenyewe, nayo itakuwa hasara kubwa.

Yafaa basi tumrejelee Paulo, mtume aliyehimiza shukrani kuliko wengi. Kitabu cha Matendo ya Mitume, sura ya 16, chasimulia jinsi yeye na Sila walivyochapwa hadharani mjini Filipi bila ya kuhukumiwa, wakatupwa gerezani na miguu yao ikafungwa. Usiku wa manane walisali na kumwimbia Mungu. Sehemu hiyo huhubiriwa sana. Isiyohubiriwa sana ni ile ya asubuhi. Wakuu wa mji walipoagiza wafunguliwe waende zao kimyakimya, Paulo alikataa. Alisema wao ni raia wa Roma waliodhulumiwa mbele ya watu, na kwamba wakuu hao waje wenyewe kuwatoa. Nao walikuja, wakawasihi.

Aliyeimba usiku ndiye aliyedai haki asubuhi. Shukrani yake ilimwelekea Mungu na watu waliomtendea mema. Haikuwa hongo ya kuwafurahisha waliomchapa.

Makina yenyewe yatufunza jambo hili. Wanubi, wazao wa askari waliotoka Sudan wakatumikia jeshi la mkoloni, waliishi Kibera tangu mwanzo wa karne ya 20. Hata jina Kibera latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Walidai haki ya ardhi yao kwa miaka mingi, wakafika hata mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu. Mwaka 2017 ndipo jamii hiyo ilipokabidhiwa hati ya ekari 288. Nani atathubutu kusema kuwa kudai kwao kulikuwa utovu wa shukrani? Na Mkristo aliyekuja baadaye kupanga chumba hapa ana deni la asante kwa majirani hao, ambao wengi wao ni Waislamu, kabla hata hajafika kanisani.

Shukrani, kama mmea, huoteshwa na kutunzwa. Haikui kwa kukariri kwamba tunashukuru kwa yote, maana anayeshukuru kwa yote bila kutaja lolote huenda hakumbuki lolote. Paulo alitaja majina. Katika sura ya 16 ya Waraka kwa Warumi aliwashukuru Priska na Akila waliohatarisha maisha yao kwa ajili yake. Wafilipi nao aliwashukuru kwa msaada waliomletea.

Walimu na waige mfano huo. Mara moja kwa juma, kila mwanafunzi amtaje mtu mmoja aliyemfaa, aeleze alichotendewa, kisha aende amwambie: mama anayeuza mboga sokoni Toi ili karo ipatikane, mwenzake aliyemwazima kitabu, mpishi wa shule. Mwalimu naye asione haya kumshukuru mwanafunzi. Baada ya hapo, mtoto huyohuyo akiuliza kwa adabu mbona darasa halina madawati, asitajiwe punda. Asikilizwe. Moyo uliozoea kutambua mema ndio utakaojua vyema pale yanapokosekana.