Paa Halingoji Vuli



Masika yamekwisha na kipupwe kimeingia. Hapa Kibaha tunakwenda sala ya Alfajiri tukiwa na makoti, na jamaa zetu wa vilima vya Kisarawe wanajifunika zaidi. Ardhi imekauka, mafundi wanapatikana, na vuli bado iko mbali. Huu ndio msimu wa kuitazama nyumba, na ndio msimu tunaoisahau, kwa kuwa paa lisilonyeshewa halivuji.

Nianze kwa kukiri kosa langu. Nikiwa katibu wa kamati ya msikiti, nilisimama Ijumaa nyingi baada ya sala kuhimiza michango ya mabati mapya. Kazi ilikamilika kabla ya masika, alhamdulillah. Mvua zilipokoma nilikwenda Kisarawe kumwamkia mama. Nilikuta kitanda chake kimesogezwa hadi katikati ya chumba, na pale kilipokuwa pamewekwa beseni. Nilipomuuliza, alijibu kwa upole kwamba hakutaka kunisumbua, maana nilikuwa na kazi ya nyumba ya Mwenyezi Mungu. Jibu hilo lilinichoma kuliko lawama. Nilikuwa nikiwahimiza watu kwa ajili ya bati la msikiti, ilhali bati la aliyenizaa linavuja.

Fundi alipopanda alikuta misumari miwili tu iliyolegea. Lakini kwa kuwa maji yalikwisha kupita hapo misimu miwili, papi zilikuwa zimeoza na mchwa wameingia kwenye kenchi. Kazi ya nusu siku ikawa ya siku tatu.

Wanazuoni wa fiqhi, walipozungumzia mali ya wakfu, walieleza kuwa mapato yake yaanze kutengeneza kilichoharibika, ndipo wanufaika wagawiwe. Kwani wakfu ukibomoka hapana atakayenufaika. Kanuni hiyo inafaa majumbani mwetu. Wengi hununua mapazia na rangi kwa ajili ya Idi, huku ufa wa ukutani ukifunikwa kwa kalenda. Tutengeneze kwanza, tupambe baadaye.

Basi kipupwe hiki tupande juu ya paa, au tumpandishe fundi. Tuangalie misumari, kutu na maungio ya mabati. Tuondoe majani kwenye mifereji ya paa, kwa sababu maji yanayotuama humo huzalisha mbu. Kibaha yetu ina kiwanda cha viuadudu vya kuua viluwiluwi, kilichozinduliwa mwaka 2015. Lakini dawa haiwezi kulifikia kila bati na kila pipa lisilofunikwa. Tuzunguke msingi tukitafuta njia za mchwa na mahali udongo ulipochimbwa na maji. Tuutazame ukuta wa shimo la choo, hasa wenye watoto. Na palipovuja karibu na nyaya za umeme, aitwe fundi umeme, wala asijaribu mtu kwa mkono wake.

Tuangalie pia maji yetu yanaelekea wapi. Mfereji unaookoa msingi wangu kwa kubomoa ukuta wa jirani ni dhuluma, japo umechimbwa ndani ya kiwanja changu. Mtume (s.a.w.) ametukataza kudhuru na kudhuriana, na jirani ana haki kubwa juu yetu.

Hatujasahau mvua za El Niño za mwishoni mwa mwaka 2023, zikafuatiwa na masika ya mwaka 2024. Ndugu zetu wa Rufiji na Kibiti, katika mkoa wetu huu wa Pwani, waliingiliwa na maji majumbani na mashambani. Mafuriko ya mto ni qadari isiyozuiwa kwa msumari. Lakini tundu la bati tuliloliona tangu mwaka jana si la kusingizia qadari. Kutawakali hufuata baada ya kumfunga ngamia.

Kamati yetu imekubaliana kuwa, kabla ya vuli, vijana wenye ufundi watazitembelea nyumba za wajane na wazee wanaoishi peke yao, wapande juu na kukagua. Nilipoandika azimio hilo katika kumbukumbu za kikao, nilimkumbuka mama na beseni lake. Wewe nawe, wiki hii, nenda kwa wazazi wako. Usiwaulize kama paa linavuja, maana watakuambia wako salama. Tazama kitanda kimewekwa wapi.

Wabillahi tawfiq.