Giaboksi ya otomatiki: konveta nayo ifunguliwe

Mfanyabiashara mwenye Noah ya kubebea nyanya huambiwa giaboksi imekufa. Inafunguliwa, inatengenezwa, kisha konveta ya zamani inarudishwa ilivyo. Hasara ya pili huanzia hapo. Konveta ni lile bakuli la chuma lililozibwa kwa kuchomelewa, kati ya injini na giaboksi. Hupitisha nguvu kwa mafuta, na chembe za chuma hubaki tumboni mwake. Mafuta hayohayo ndiyo yanayozunguka kwenye giaboksi uliyokwishalipia.

Dawa yake ni kuikata kwa mashine ya kukereza, kuisafisha, kubadilisha sili, beringi na bitana ya klachi, kuichomelea, kisha kuipima kama haivuji na haiyumbi ikizunguka. Si kazi ya chini ya mwembe. Gharama ipo, sikatai, lakini ilinganishe na nyanya zilizooza njiani siku ya gulio. Kabla hujatoa malipo ya awali, muulize fundi: konveta itakatwa wapi?