Watu Wako Walio Mbali na Macho

Mama mwenzangu mpendwa,

Mwezi huu tuweke kando habari za chanjo na lishe. Tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalifanya bila kufundishwa na mtu: kuwaongoza watu ambao hatuko nao mahali pamoja. Labda wewe ni mweka hazina wa kikundi ambacho wanachama wake wametawanyika vijiji vitano. Labda umemwachia binti duka huko Mwanga nawe unaishi Same. Au unafanya kazi mjini na watoto wako kwa bibi yao mlimani. Je, unawaongozaje?

Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Mimi nakaa hapa Same mjini, chini kwenye joto. Kanisani nimepewa dhamana ya kuratibu akina mama tisa wanaojitolea kutembelea wajawazito na watoto wachanga. Wako Vudee, Chome, Mbaga na Mamba, na wengine vitongoji vya ndani zaidi. Wanasaidiana na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wale ambao serikali ilizindua mpango wao mpya Januari 2024. Wakati wa masika, kupanda huko ni kazi kubwa. Barabara huteleza, na mara nyingine gari halipandi kabisa.

Basi nikafungua kundi la WhatsApp, nikajisifu kwamba sasa kazi imekuwa rahisi. Kila Ijumaa niliandika, “Ripoti ziko wapi?” Sikukumbuka kwamba watatu kati yao wana simu za kitochi, hivyo maagizo yangu hawakuyapata hata siku moja. Tena, mwenzetu mmoja alipochelewesha ripoti mara mbili, nilimkemea humo humo kundini, wote wakisoma.

Mwezi Aprili mwenzetu huyo alimtembelea mama mwenye mimba ya miezi minane. Alimkuta amevimba uso na mikono, anaumwa kichwa sana, na anaona maluweluwe. Alishika simu anipigie, kisha akaiweka chini. Alikaa na wasiwasi wake siku mbili. Siku ya tatu mama akaanguka kwa kifafa cha mimba. Ndipo ikapigwa namba 115, gari likapatikana, akateremshwa. Mama alipona. Mtoto hatukumpata.

Nilipomwuliza kwa nini hakunipigia mapema, alilia. “Niliogopa, nesi. Sikuwa na hakika, nikadhani utanifokea tena mbele ya wenzangu.”

Mama mwenzangu, sikulala usiku ule. Nilikuwa nimejenga utaratibu wa kupokea ripoti, lakini nilikuwa nimeifunga njia ya kupokea habari mbaya. Mtu aliye mbali akikuogopa, atakupa habari njema tu, nawe utadhani mambo ni mazuri.

Baadaye mzee mmoja alinikumbusha habari za ndiva zetu. Sisi wa Upare tunazijua. Maji hukusanywa usiku, asubuhi yakafunguliwa kwenye mfereji kwa zamu. Anayefungua hawezi kuliona kila shamba. Akasema, “Usipime mfereji pale unapoanzia. Muulize mwenye shamba la mwisho kama maji yamemfikia.” Nikaona kwamba mimi nilikuwa nimesimama kwenye ndiva, nikifurahia maji yaliyojaa.

Tangu hapo tumebadilisha mambo haya, na nadhani yatakufaa hata wewe.

Kwanza, tafuta njia inayomfikia aliye chini kuliko wote. Kama mmoja ana kitochi, agizo muhimu litumwe kwa ujumbe wa kawaida au kwa kupiga. Kwa wale ambao mtandao unakamata kilimani tu, tumepatana siku ya gulio, saa tano asubuhi, kwa kuwa siku hiyo wanapita hapo.

Pili, anza na mtu kabla ya kazi. Siku hizi nauliza nyumbani hawajambo, kisha nauliza, “Wiki hii ni nini kimekusumbua?” Ripoti huja mwisho. Mtume Paulo aliwaandikia Warumi kabla hajafika kwao, na mwisho wa waraka aliwasalimu watu wengi mmoja mmoja kwa jina. Aliye mbali anahitaji kujua kwamba anajulikana.

Tatu, sifu mbele ya wote, onya faraghani. Jambo hili tunalijua kwa watoto wetu, kwa nini tunalisahau kwa watu wazima?

Nne, agizo liwe wazi, kisha mwombe mwenzako alirudie kwa maneno yake. Sisi wauguzi tukimpa mgonjwa dawa tunamwuliza, “Utakunywaje?” Usiridhike na “ndiyo.” Mtu anaweza kusema ndiyo kwa heshima tu.

Tano, wajulishe mapema ni mambo gani hayangoji ruhusa. Sisi tumekubaliana: mjamzito akitokwa damu, akiumwa kichwa sana, akiona maluweluwe, akivimba uso na mikono, akipata degedege au homa kali, au mtoto akiacha kucheza tumboni, piga 115 kwanza. Ni bure. Mimi nitajulishwa baadaye. Na kama hali haikuwa mbaya kama alivyodhani, hakuna atakayelaumiwa.

Sita, nenda. Simu haitoshi. Kila baada ya miezi mitatu napanda, nakaa jikoni kwao, tunakula makande pamoja. Huko huona yale ambayo hakuna ripoti ingeniambia: mmoja ana mama mkwe mgonjwa, mwingine alikuwa akinunua vocha kwa fedha ya chumvi. Sasa tumetenga fedha kidogo ya salio, na hesabu yake inasomwa kwa wote.

Mwenzetu yule hakuacha kazi. Nilipanda kwake, nikamwomba msamaha mbele ya wale wale walioyasoma maneno yangu. Mwezi uliopita alinipigia saa nane usiku kwa jambo ambalo halikuwa la hatari hata kidogo. Nilimshukuru kwa moyo wote, nikarudi kulala kwa amani.

Leo jioni, kabla hujalala, mpigie mmoja wa watu wako walio mbali. Usimwulize kuhusu fedha wala kazi. Mwulize ni nini kinamsumbua, kisha nyamaza umsikilize.

Hadi mwezi ujao, kaeni salama.