Tunaogopa ada, kumbe tunakwamia kwenye hela ya kabla ya bumu

Kila mwaka ikifika Julai, matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, hapa Babati stori ni zilezile: nani kapata pointi ngapi, nani anakwenda chuo gani, nani atapata mkopo. Leo naomba tuongelee kitu kinachosahaulika. Wengi wetu tunaogopa ada ya chuo, lakini kinachomwangusha mtoto wa mkulima wa Magugu au Dareda mara nyingi ni hela ndogondogo zinazotakiwa kabla hajakanyaga chuoni.

Tuanze na sifa, maana kuna washkaji wanajikatia tamaa bure. Kwa waliomaliza kidato cha sita kuanzia 2016, kiwango cha chini cha TCU ni prinsipo mbili zenye jumla ya pointi 4. A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. Yaani D mbili zinakuingiza kwenye foleni. Kozi zenye ushindani zinataka zaidi, sawa, lakini mlango upo.

Mfano mzuri ni Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi (MoCU). Kilianza 1963 kama Chuo cha Ushirika, 2004 kikawa chuo kishiriki cha SUA, na 2014 kikawa chuo kikuu kamili. Siyo kikubwa kama UDSM au UDOM, lakini ni cha umma, na kwa mtu wa Babati kiko karibu. Unapanda basi asubuhi, unapita Arusha, unafika Moshi siku hiyohiyo.

Sasa njoo kwenye ada. Vyuo vikuu vya umma, kozi nyingi za digrii ada yake inacheza kati ya milioni 1 na milioni 1.5 kwa mwaka. Mzee akisikia hivyo anashika kichwa. Lakini kwa aliyepangiwa mkopo wa ada, Bodi ya Mikopo (HESLB) inapeleka hela moja kwa moja chuoni, mzee hata haioni. Halafu kuna hela ya chakula na malazi, lile bumu. Mwaka 2022/23 lilipanda kutoka 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Siku 30 ni 300,000. Ukilipa chumba na kula kwa akili, maisha yanakwenda.

Shida inaanza kabla ya hapo. Hebu tupige hesabu. Fomu ya mkopo imekuwa 30,000. Kuhakiki cheti cha kuzaliwa RITA, 3,000, na kama mzazi amefariki cheti cha kifo nacho kinahakikiwa. Zamani, kuanzia 2010, maombi ya vyuo yalipitia mfumo mmoja wa TCU. Mwaka 2017 mfumo ule ukaachwa, sasa unaomba kila chuo peke yake, na vingi vya umma vimekuwa vikitoza 10,000. Vyuo vitatu, 30,000. Mpaka hapo ni 63,000, bado kuprinti, kuskani, picha za pasipoti, nauli ya kutoka kijijini kuja mjini, na muhuri wa hakimu au wakili. Tuseme mahindi yanauzwa 600 kwa kilo: gunia zima la kilo 100 limekwisha, na huyo mtoto hajajua kama kapata chuo.

Akipata, kuna msoto wa pili. Bumu la kwanza haliingii siku unayoshuka kwenye basi. Lazima uripoti, usajiliwe, usaini, usubiri. Huku nyuma kuna michango ambayo mkopo haugusi: bima ya afya imekuwa 50,400, ada ya udhibiti ubora ya TCU 20,000, na mingine ya chuo. Ongeza nauli, godoro na chakula cha wiki kadhaa.

Muda nao unabana. Dirisha la mkopo kwa kawaida linafunguliwa katikati ya mwaka na kufungwa karibu na mwisho wa Agosti. Kipindi hichohicho vijana wengi wa kidato cha sita wako JKT. Kwa hiyo anayehangaika na mtandao ni mzazi. Mimi nimewasaidia majirani kujaza hizo fomu, na karibu kila mara kinachokwamisha ni karatasi: jina la cheti cha kuzaliwa halifanani na la cheti cha kidato cha nne, au cheti cha kuzaliwa hakipo kabisa.

Tuwe wakweli, Bodi ina sababu ya kudai ushahidi. Ile ni hela ya umma, na ni deni. Ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara. Bila uhakiki, wajanja wangejiandika yatima wote. Ila matokeo yake umaskini unapimwa kwa makaratasi, na maskini kuliko wote ndiye hana makaratasi wala hela ya kuyatafuta.

Serikali ilifuta ada kidato cha kwanza hadi cha nne 2016, ikafuta ya kidato cha tano na sita 2022. Hatua kubwa. Lakini mzazi aliyezoea kutolipa ada anakutana na hizi laki na zaidi kwa mkupuo, ndani ya wiki chache. Maoni yangu ni mawili. Kwanza, mtoto wa kaya ya TASAF, ambaye serikali yenyewe imeshamtambua kuwa maskini, asilipe fomu ya mkopo mwanzoni. Iongezwe kwenye deni lake. Pili, shule zihakiki vyeti vya RITA wanafunzi wakiwa kidato cha tano, wakati bado kuna muda wa kurekebisha majina.

Wewe uliye kidato cha tano sasa hivi, usisubiri. Cheti chako kihakiki mapema, majina yalinganishe herufi kwa herufi. Ukinyimwa mkopo, subiri dirisha la rufaa uombe tena. Na kumbuka Chuo cha Uhasibu Arusha kina kampasi hapahapa Babati, na Chuo Kikuu Huria kina kituo chake cha mkoa. Kusoma ukilala nyumbani kunafuta gharama ya chumba.

Waliopita huko karibuni waseme: kabla ya bumu la kwanza, mlitumia shilingi ngapi, na alitoa nani? Nawakilisha.