Kugeuza Sentensi Bila Kugeuza Maana
Karatasi ya pili ya Kiingereza katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya, humtaka mtahiniwa aandike upya sentensi bila kubadilisha maana. Wapo wanaoliona zoezi hilo kuwa la kukariri kanuni tu, na likifundishwa vibaya huwa hivyo kweli. Lakini mwanafunzi wa Busia au Malaba, miji ya mpakani, anakulia kando ya forodha, ambako hati za mizigo iendayo Uganda huandikwa kwa Kiingereza. Katika hati kama hizo, “Only the driver signed” si sawa na “The driver only signed”: ya kwanza inawatoa watu wengine wote, ya pili inatoa matendo mengine yote. Wakala wa forodha asiyeiona tofauti hiyo atamponza mteja wake. Mwalimu na aulize kwanza nani kafanya nini, ndipo asahihishe koma.