Mzee Aliyebadilika Tabia: Majibu kwa Yanayosemwa Bukoba na Muleba

"Ni uzee tu." Uzee hupunguza mwendo na kumchelewesha mtu kukumbuka jina, lakini haumfanyi mama aliyekuwa na haya maisha yake yote aanze kuwatukana wakwe mbele za wageni. Vigezo ambavyo wataalamu walivitoa mwaka 2016 vinasema hivi: hisia au tabia zikibadilika mtu akiwa na miaka 50 au zaidi, na hali hiyo ikadumu miezi 6, huenda ni dalili ya awali ya demensia, ugonjwa unaodhoofisha ubongo polepole.

"Lakini anakumbuka kila kitu." Demensia si lazima ianze kwa kusahau. Auguste Deter, mgonjwa ambaye daktari Alois Alzheimer alimweleza mwaka 1906, alianza kwa kumwonea mumewe wivu usio na msingi. Ipo pia demensia inayoanzia sehemu ya mbele ya ubongo, mara nyingi kabla ya miaka 65. Mgonjwa wa aina hii hukumbuka vizuri, ila huruma na kiasi vimemtoka. Uhayani hatari yake huonekana kwenye kibanja, yaani shamba la migomba la familia: baba anauza kwa bei ya kutupa kipande chenye makaburi ya wazee wake, watoto wanakwenda mahakamani wakidai anawachukia, na hakuna anayeuliza amekuwa hivi tangu lini.

"Amerogwa", au vibaya zaidi, "yeye ndiye mchawi." Dai hili linaniumiza kuliko yote. Mgonjwa anaficha fedha, anasahau alipoziweka, kisha anamwita mkwe wake mwizi, naye anaamini kabisa asemalo. Usiku usingizi umevurugika, anatoka na kuzunguka migombani. Jirani akimwona saa nane za usiku, uvumi unaanza. Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa tuhuma za namna hiyo. Anayeropoka neno "mchawi" juu ya bibi mgonjwa anahatarisha uhai wa bibi huyo.

"Ni majonzi." Hapa upo ukweli. Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikotambuliwa, mwaka 1983, na bibi wengi wa Muleba walizika watoto wao wakabaki kulea wajukuu. Shirika la Kwa Wazee, kule Nshamba, lilianza kwa ajili yao mwaka 2003. Sonona ipo na inatibika. Lakini sonona inayomjia mtu uzeeni kwa mara ya kwanza inaweza pia kuwa mwanzo wa demensia, na VVU, kaswende, upungufu wa vitamini B12 au hitilafu ya tezi ya shingo huweza kuleta hali inayofanana nayo. Mzee akivurugikiwa ndani ya siku chache tu, fikiria malaria au maambukizi ya mkojo, na usisubiri kesho.

"Hospitali hawana dawa." Ya kuponya demensia, kweli haipo. Ila hayo mengine niliyoyataja yana tiba, na shinikizo la damu, kisukari na usikivu hafifu vikishughulikiwa ubongo hunufaika. Mpelekeni hospitali ya Rubya, ya Ndolage au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Bukoba, pamoja na mtu atakayeeleza alikuwaje zamani, nini kilibadilika kwanza na lini. Mkwe anayeshinda naye jikoni ataeleza vizuri zaidi kuliko mtoto anayekuja Krismasi kutoka Dar es Salaam.