Mtoto akose neno la kusema?

Beni na Butembo, mtoto anafundishwa mapema kukimbia risasi. Lakini akiguswa vibaya ndani ya nyumba, na mtu anayemwita mjomba ao jirani, anakosa neno la kusema, juu sisi wakubwa tunaona aibu kutaja ile sehemu ya mwili.

Wandugu, wengi wetu tuna wadogo nyumbani. Tuanze na hao. Mtoto wa miaka 4 anaweza kujua jina la kila sehemu ya mwili wake, bila mzaha. Ajue kusema "apana" hata kwa mkubwa (ndiyo, kwetu wataita hiyo kukosa adabu). Na akiambiwa "usimwambie mama", ajue ndiyo saa ya kumwambia mama.

Akisema, tumsadiki, kosa si lake. Hospitali mbiombio, kabla ya masaa 72 kupita, apate dawa za kuzuia ukimwi. Kisha mashtaka. Tangu sheria za Julai 2006, kesi ya ubakaji haizimwi kwa kulipa amande. Kwa hiyo, wazazi, ile mbuzi munayopokea kwa familia ya mkosaji muirudishe.